Hesabu Pumzi, Kisha Piga Simu

Hotuba kwa wauguzi wa idara za dharura, wanafunzi wa uuguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu

Metroni, madaktari na maafisa wa kliniki mlio hapa, wauguzi wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi wahudumu wa afya ya jamii mlioamka alfajiri kutoka Nyando, Seme na Muhoroni: hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito, kwa hiyo sitazunguka.

Kuna sentensi ninayokutana nayo kila ninapofungua faili ya mgonjwa aliyefariki wodini. Huwa imeandikwa kwa haraka, mara nyingi saa za alfajiri: "Mgonjwa alibadilika ghafla." Nimeisoma katika faili za wazee, za akina mama waliojifungua, za vijana wa bodaboda. Nikirudi nyuma kurasa mbili tatu, karibu kila mara naona kwamba hakubadilika ghafla. Alikuwa akibadilika tangu jioni. Mapigo ya moyo yalikuwa 92, yakawa 108, yakawa 124. Saa nne usiku alikataa uji. Mama yake alimwambia mtu wa zamu kwamba kijana ameanza kusema maneno yasiyoeleweka. Yote yamo humo, yameandikwa kwa mikono yetu, ila hakuna aliyekaa akayasoma kwa pamoja.

Jambo hili haliko Kisumu peke yake. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 64 ambao moyo ulisimama wakiwa wamelazwa hospitalini. Waliporudi kwenye kumbukumbu za saa nane kabla ya moyo kusimama, walikuta asilimia 84 ya wagonjwa hao walikuwa na dalili za kuzorota, au lalamiko jipya, zilizokwisha kuandikwa. Saa nane ni zamu nzima ya mchana. Mtu anaingia kazini, anakunywa chai, anagawa dawa, anakula chakula cha mchana, anakabidhi zamu, na muda wote huo mgonjwa anatuambia kwamba anaondoka.

Leo nataka tuzungumzie zaidi safu moja ya chati: safu ya pumzi. Mengine nitayagusa, lakini ninyi mkitoka hapa na hiyo moja, mimi nitakuwa nimefika nilikotaka.

Chukua chati yoyote ile. Presha: 118 kwa 76, kisha 122 kwa 80, kisha 109 kwa 70. Mapigo: 88, 94, 101. Joto: 37.9, halafu 38.4. Sasa njoo kwenye pumzi: 20, 20, 20, 20. Mgonjwa wa nimonia, 20. Mama aliyetoka upasuaji, 20. Mzee aliyelala fofofo, naye 20. Namba ile haikuhesabiwa, na kila mtu humu ndani anaijua.

Sitaki kusema ni uvivu, maana si uvivu. Mashine tunayoisukuma kutoka kitanda hadi kitanda inatupa presha, mapigo na oksijeni katika muda wa kufunga na kufungua kitambaa. Pumzi mashine hiyo haihesabu. Ile inadai mtu asimame, atazame kifua, na asifanye kitu kingine kwa dakika nzima. Ukiwa na wagonjwa 40 na mwenzako mmoja, dakika moja kwa kila mmoja ni dakika 40, na kuna mama anakuita choo, na kuna damu inapaswa kufuatwa maabara. Kwa hiyo kipimo ambacho mashine haitupi ndicho kinachobuniwa. Na kwa bahati mbaya ndicho kinachosogea kwanza.

Sababu yake ni hii. Oksijeni ikipungua kwenye damu, ubongo unaamuru mapafu yaongeze kasi. Asidi ikijaa mwilini, iwe kwa sepsisi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili ujidhuru wenyewe, kwa kupoteza damu au kwa sukari iliyopanda kupita kiasi, amri ni ileile: pumua haraka, itoe asidi nje. Amri hiyo hutolewa mapema sana, wakati presha bado inasoma vizuri. Ndiyo maana Waingereza, walipotunga mizani yao ya kutambua mgonjwa anayezorota mwaka 2012 na kuiboresha mwaka 2017, waliipa pumzi uzito mkubwa. Mtu mzima mwenye pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hapewi alama. Pumzi 21 hadi 24, alama mbili. Pumzi 25 au zaidi, alama tatu, na alama tatu kwenye kipimo kimoja tu zinatosha kumwita daktari aje amwone mgonjwa. Pumzi 8 kushuka chini nazo ni alama tatu, kwa hiyo msifurahie mgonjwa "aliyetulia" kupita kiasi baada ya sindano ya maumivu.

Namna ya kuhesabu. Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu pumzi zake, atabadilisha mwendo. Shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, kisha macho yako yaende kifuani, au tumboni, au kwenye blanketi linavyopanda na kushuka. Dakika nzima, si sekunde 15 mara nne, kwa maana anayezidiwa hapumui kwa mpangilio. Na katika dakika hiyo utaona mambo ambayo hayana safu kwenye chati. Utaona ngozi ya katikati ya mbavu ikizama. Utaona jasho kwenye paji la uso ilhali feni inazunguka. Ukimaliza, muulize swali lisilo la ndiyo au hapana: "Mzee, leo umekula nini?" Kisha sikiliza. Akikujibu kwa sentensi nzima, vyema. Akisema "Ugali," akavuta pumzi, "na omena," akavuta tena, huyo usimwache uende meza ya dawa.

Kwa watoto namba ni nyingine, na katika ukanda huu wa ziwa ni lazima zikae kichwani. Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 kwenda juu ni haraka mno. Miezi miwili hadi mwaka mmoja: 50. Mwaka mmoja hadi mitano: 40. Ninyi wahudumu wa afya ya jamii, hizi ni zenu kabla hazijawa zetu, kwa sababu mnamwona mtoto nyumbani, siku mbili kabla sisi hatujamwona. Huku malaria haijatuacha, selimundu iko katika familia nyingi, na mtoto anaweza kufika hospitalini damu ikiwa imepungua kiasi kwamba viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Mtoto huyo hupumua haraka si kwa sababu mapafu yake ni mabovu, bali kwa sababu damu iliyobaki haitoshi kubeba oksijeni. Tazama viganja. Pima sukari papo hapo, maana malaria kali inaimaliza. Na mtoto anayepiga kelele akiona sindano anaweza kusubiri kidogo. Mkimbilie yule anayechomwa na hata hageuzi kichwa.

Sasa vijana. Idara yoyote ya dharura magharibi mwa Kenya inapokea majeruhi wa bodaboda usiku na mchana, na hawa ndio wanaotudanganya kuliko wote. Kijana analetwa amekaa, anaongea, presha 116 kwa 84. Tunamweka benchi. Lakini mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla namba ya juu ya presha haijashuka. Mwili wake unafanya anachofanya mvuvi ambaye mtumbwi wake umetoboka katikati ya ziwa: anateka maji na kuyamwaga kwa nguvu zake zote, na aliye ufukweni anaona mtumbwi uko juu ya maji, kwa hiyo hana wasiwasi. Tazama mikono ya mvuvi, usitazame mtumbwi. Kwa kijana wetu, hiyo mikono ni mapigo ya moyo, ni pumzi, ni viganja vya baridi, ni kiu isiyoisha. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie: zikipita sekunde tatu haujarudi rangi yake, damu haifiki kule. Na linganisha namba mbili ulizo nazo tayari. Mapigo ya moyo yakiwa yameipita namba ya juu ya presha, mathalani mapigo 118 na presha 104, huyo hakai benchi tena. Akianza kuhangaika, kuvua shuka na kutaka kwenda nyumbani, tusiseme ni mlevi mpaka tuwe na hakika ubongo wake unapata damu.

Neno moja kuhusu kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kwa sababu tumekiamini mno. Kidole cha baridi kinakipotosha. Rangi ya kucha inakipotosha. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2020 kwamba kwa watu weusi kifaa hicho husoma juu kuliko ukweli mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu, na sisi hapa ndio watu weusi wenyewe. Na kuna mtego mwingine wa nyumbani kabisa. Familia imelala na jiko la makaa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi au mbu. Wanaletwa asubuhi na kichwa kinachopasuka na kichefuchefu. Unaweka kifaa kidoleni, kinasoma 99. Kifaa hakiwezi kutofautisha oksijeni na hewa ya sumu ya makaa, vyote kinavihesabu pamoja. Uliza kuhusu jiko, weka oksijeni nyingi, na usiangalie ile 99.

Wenzetu wa Afrika Kusini waliunda mwaka 2004 mfumo wa kupanga wagonjwa wa dharura kwa rangi, nyekundu kwa wa sasa hivi, rangi ya chungwa kwa wa ndani ya dakika 10, na kuendelea. Mimi naupenda kwa jambo moja dogo: katika vipimo vyake wameweka namna mgonjwa alivyoingia. Je, alitembea mwenyewe? Alishikwa mkono? Alibebwa? Hilo halihitaji umeme wala betri. Mlinzi wa getini anaweza kulijibu. Na lina maana kubwa zaidi likirudiwa: mama aliyetembea kutoka getini saa tatu, na saa tano hawezi kusimama kwenda kupimwa mkojo, amezidiwa, hata kama karatasi yake bado ni ya kijani, rangi ya wasio na haraka.

Hapo naingia kwa jamaa wa mgonjwa. Hapa kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kuna mama, kuna shemeji, kuna mjomba aliyelala chini ya kitanda kwenye leso. Huyo mtu amemjua mgonjwa miaka 30, wewe umemjua tangu asubuhi. Anapokuja mezani kwako na kusema, "Sista, huyu leo si yeye," amekupa kipimo. Mizani ile ya Uingereza, ilipoboreshwa mwaka 2017, iliongeza kuchanganyikiwa kupya kuwa alama tatu, sawa na pumzi 25. Nani atakayejua kwamba kuchanganyikiwa ni kupya kama si aliyelala naye chumba kimoja?

Wenzetu wamejifunza hilo kwa gharama chungu. Mwaka 2021 msichana wa miaka 13 huko Uingereza, Martha Mills, aliumia kongosho alipoanguka na baiskeli, kisha akapata sepsisi hospitalini. Wazazi wake walieleza wasiwasi wao zaidi ya mara moja, na hawakusikilizwa ipasavyo. Alifariki. Kuanzia mwaka 2024 hospitali za kule zimeanza kutekeleza kanuni yenye jina lake, inayompa mgonjwa au familia haki ya kuomba timu nyingine ije imtazame upya. Sisi hatuhitaji kusubiri kanuni kutoka Nairobi ili tufanye hivyo. Shemeji akija mezani, inuka uende naye kitandani. Hesabu pumzi mbele yake. Kama hukupata kitu, mwambie uliyopata, na umwambie arudi akiona tena.

Na hisia zako mwenyewe, muuguzi. Watafiti wa Uholanzi walikusanya yale yanayowafanya wauguzi wawe na wasiwasi kabla vipimo havijabadilika: rangi ya ngozi, mgonjwa kuhangaika, maumivu mapya, mgonjwa mwenyewe kusema anahisi vibaya, na pia ule ujuzi ambao muuguzi hawezi kuueleza. Usiuzike. Mgonjwa anapokuambia, "Dada, mimi nakufa," usimjibu, "Acha maneno hayo, Mungu yupo." Mungu yupo, ndiyo, naye amekupa saa mkononi. Hesabu pumzi zake.

Basi umehesabu, umepata 32. Usiondoke kitandani. Mtume mwanafunzi, mtume jamaa, paza sauti. Mkalishe mgonjwa kama presha inaruhusu. Hakikisha njia ya hewa iko wazi, weka oksijeni kama iko chini, pima sukari, weka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, sasa hivi wakati mshipa bado unaonekana.

Kuhusu kufungua dripu ikimbie, naomba tuwe waangalifu. Miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi ajazwe maji haraka. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kule Kilifi, Mbale na Soroti miongoni mwa vituo vyake. Kati ya watoto waliomiminiwa maji kwa kasi, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, karibu 7. Ni watoto wetu hawa, wa malaria yetu na upungufu wetu wa damu. Utafiti huo haukuhusu mtoto anayeharisha wala aliyevuja damu, hao wana utaratibu wao. Ila kwa mtoto wa homa, fuata mwongozo wa hospitali, mpe kwa kipimo, na umrudie kumhesabu pumzi baada ya kumpa.

Kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua habari ni njema zaidi. Utafiti uliotoka mwaka 2023, Kenya ikiwemo pamoja na Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, ulitumia karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo inayowekwa chini ya mama, na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo mara damu inapofika kiwango kilichowekwa. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Jicho la mkunga, hata mwenye uzoefu, hukadiria damu chini ya ilivyo. Mfuko ule uliwaambia kiasi.

Sasa simu. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Sikilizeni simu hii: "Halo daktari, samahani kwa kukusumbua. Yule mzee wa kitanda cha nane hayuko sawa sana." Daktari, aliye katikati ya upasuaji au usingizini, anajibu, "Sawa, endelea kumwangalia." Nani wa kulaumiwa? Hakupewa kitu cha kumwamsha.

Sikilizeni hii nyingine. "Daktari, ni nesi wa zamu, wodi ya wanaume. Napiga kuhusu mzee wa kitanda cha nane, miaka 62, alilazwa jana na nimonia. Saa mbili zilizopita alikuwa na pumzi 22, sasa ni 32. Mapigo 128, presha 94 kwa 58, oksijeni ilikuwa 86 kabla sijamwekea mashine. Ameanza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Nadhani ni sepsisi na inamzidi. Nimeweka oksijeni na kanula. Naomba ufike ndani ya dakika 15. Kama huwezi, niambie nimpigie nani." Mtiririko huo, kusema kilichopo, kilichotangulia, unavyokiona na unachotaka, ulianzia kwa mabaharia wa nyambizi za Marekani kabla hospitali hazijauchukua. Haumalizi dakika moja. Na sehemu ambayo wauguzi wetu huiacha ni ile ya mwisho, ya kutaka.

Najua kwa nini inaachwa. Tumelelewa kutowaamrisha wakubwa, na sitaki tulelewe vingine. Lakini kumwambia daktari saa ya kufika si utovu wa adabu. Madaktari mlio hapa, nawaomba: nesi mchanga akikupigia saa tisa usiku na ukakuta mgonjwa yuko salama, mshukuru mbele za wenzake. Ukimkaripia leo, kesho hatapiga, na wa kesho ndiye atakayekuwa anakufa.

Wasipokuja, muuguzi, panda ngazi. Piga tena baada ya dakika 10. Mpigie mwingine. Mpigie metroni wa zamu. Andika saa ya kila simu na jina la uliyezungumza naye. Na suala la malipo lisitajwe kitandani: Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Metroni, nina maombi machache na si ya bei. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde katika kila chumba cha wodi, mahali inapoonekana kutoka kitandani. Simu ya wodi iwe na salio usiku, maana wauguzi wanatumia la kwao. Namba za wanaoitwa zibandikwe ukutani kwa mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na zisasishwe kila zamu ya mwezi inapobadilika. Wagonjwa wanaotutia wasiwasi walazwe karibu na meza ya wauguzi, si mwisho wa wodi penye nafasi. Na kila Ijumaa tuchukue chati tano bila kuchagua, tuketi pamoja na madaktari, tuitazame safu ya pumzi. Ijumaa hii zianze chati za idara yangu.

Ahsanteni sana. Kama kuna maswali, niko hapa mpaka chai.